Nyumba Saba za Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia Ufipa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, yai halikuwa na tangazo. Hakuna aliyeandika kwenye ukuta kwamba kuku wake ni wa kienyeji, maana kuku wa aina nyingine hatukuwa tumewaona. Siku hizi nikipita mjini Sumbawanga naona vibao kila kona, chakula asilia, mboga asilia, hata mkaa nimeuona ukiitwa asilia, nacheka peke yangu barabarani mpaka vijana wananiangalia. Mkaa ungekuwa nini kingine jamani?

Nakumbuka asubuhi za Jumamosi kwa baridi yake kwanza. Vijana wa leo wanavaa sweta mbili ndani ya nyumba yenye madirisha ya vioo na bado wanalalamika. Sisi tulitoka pekupeku kwenye umande wa mwezi wa sita, unakanyaga nyasi mpaka vidole vinakufa ganzi, ukimwona ng'ombe ameinuka alipolala unakimbilia kusimama pale pale upate joto lake. Mama alikuwa ameshakamua. Alikuwa anapanga kikapu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsemesha akipanga kikapu. Chini alimimina ulezi, juu ya ulezi akayalaza mayai moja moja, akamimina tena ulezi mpaka yasionekane. Kwa namna hiyo yalifika mjini salama, na mteja alipata vyote viwili. Kila yai lilikuwa limepita kwenye bakuli la maji. Likielea, tulilitupa mbali na nyumba huku tumebana pua.

Wateja wetu walikuwa nyumba saba, na Mama aliwaita hivyo hivyo, "nyumba zangu saba." Nyingi zilikuwa za watumishi wa serikali waliotoka Mbeya, watu walioletwa na kazi wasio na shamba wala shangazi wa kuwapelekea chochote. Kwao tulipeleka maziwa, mayai, maharage, unga wa ulezi, na majani mabichi ya maharage msimu wake ukifika. Mama hakusema anauza. Alisema anapeleka. Neno kuuza halikuwa na sura nzuri miaka ile, na ingawa balozi wetu wa nyumba kumi alituonya mara kwa mara juu ya tamaa ya ubepari, mayai yake alikuja kuyachukua mwenyewe, kwa mlango wa nyuma.

Mama alikuwa na msemo wake mmoja aliotuchosha nao. "Nisichowalisha ninyi siwezi kukipeleka kwa watu." Tulikuwa watoto watano, tuliusikia kila Jumamosi, tukawa tunauigiza nyuma ya zizi kwa sauti yake ya puani. Sasa nausema mimi, na nina hakika kuna mtu anauigiza nyuma ya banda langu la kuku.

Shamba lenyewe ndilo nililotaka kulieleza. Kabla ya operesheni ya kuhamishia watu vijijini tulikaa mbali, upande wa bondeni, penye udongo mweusi. Tulipohamishiwa kijijini, kando ya barabara ya kwenda Chala, tuligawiwa kipande ambacho waliokuwepo kabla yetu walikuwa wamekilima mpaka kimechoka. Udongo ulikuwa na rangi ya majivu. Baba alikiangalia, akawasha kiko chake, akasema atakwenda kuwaangalia ng'ombe. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya Baba kuhusu jambo lolote gumu. Mama akachukua jembe.

Akafanya kama alivyofundishwa na mama yake, aliyefundishwa na mama yake naye. Mvua zikiwa bado zinanyesha na majani yamesimama hadi kiunoni, unakata udongo pamoja na majani yake, unaugeuza yaangalie chini, unapanga kwa mviringo, unaongeza tabaka juu ya tabaka mpaka upate kilima kidogo kinachofika magotini. Kwetu tunaviita intumba. Ndani mle majani yanaoza na kutoa joto, na juu unapanda maharage. Mwaka unaofuata unavibomoa, unasambaza ule udongo uliokwisha kuwa mweusi, unamwaga ulezi. Shamba likiwa na intumba ukilitazama kutoka barabarani unaona safu na safu za vichuguu vya kijani. Mpaka leo sijaona kitu kizuri kuliko hicho, na nimefika Dar es Salaam mara mbili.

Majirani walikuja kusaidia, na Mama aliwapikia pombe ya ulezi. Watoto tulikanyaga majani, tulicheza kombolela kati ya vilima, tulipigwa kwa kuviangusha. Wiki nzima mikono ilinuka udongo hata ukila ugali.

Basi mwaka huo akaletwa Bwana Shamba mpya. Alikuwa kijana mtaratibu, ana baiskeli na daftari, na alimwamkia Mama shikamoo kabla ya kusema lolote. Kijiji kilikuwa kimeamua kila shamba lipandwe kwa mistari, sehemu tambarare, na mbolea ya chumvichumvi iliyokuja kwa lori. Intumba zilikuwa kilimo cha kizamani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kiti, akampa maziwa ya mgando, kisha akamwomba msimu mmoja tu. Yule kijana alikunywa, akafikiri, akasema sawa. Atakuja maharage yatakapokuwa yanakaribia kutoa maua. Yakiwa mazuri, intumba zitabaki. Yakiwa dhaifu, Mama azibomoe zote na kufuata mistari kama wenzake.

Mama alikubali. Lakini kuanzia siku ile alikuwa analiangalia lile shamba kama mtu anavyomwangalia mtoto mwenye homa. Bila intumba, kipande kile cha majivu kingekula mbolea ya kijiji, na yeye alikuwa amewaambia watu wa nyumba saba kwa miaka kwamba kikapu chake hakijui chumvi ile. Hakuwa na dharau kwa mbolea. Alisema tu haijui, na kitu asichokijua hawezi kukiapia.

Nilikuwa darasa la tano. Shuleni tulikuwa na shamba letu la mahindi la kujitegemea, na mahindi yale, Mungu anisamehe, yalikuwa yamependeza. Yalikuwa ya kijani iliyoiva, majani mapana, yamesimama kama askari. Sisi wasichana ndio tuliopewa makopo ya mbolea tupite nayo kwenye mistari. Nikirudi nyumbani naona maharage ya Mama, ambayo kwa kweli hayakuwa na tatizo lolote, lakini kwangu mimi yalianza kuonekana yamepauka kwa umaskini. Moyo uliniuma. Nilimpenda mama yangu na nilimwona anashindwa.

Kwa siku tatu nilirudi na mbolea kwenye mfuko wa sketi. Siku ya tatu, Mama akiwa amekwenda kisimani, nilitoboa matundu kwa kidole kwenye intumba, karibu kabisa na mashina, ili mmea usipate shida ya kuitafuta, na kila tundu nikalipa kiganja kimoja kilichojaa. Nilichagua safu nne zilizo karibu na njia, kwa sababu ndizo Bwana Shamba angeziona kwanza. Nilikuwa nimefikiri sana, kama mnavyoona. Jioni ikanyesha mvua ndogo, nikamshukuru Mungu kwa kushirikiana nami.

Keshokutwa yake ilikuwa Jumamosi. Mama aliamka mapema, akachuma majani machanga ya maharage kwa ajili ya nyumba zake saba, na akayachuma pale pale karibu na njia kwa kuwa ndipo palipokuwa rahisi. Nilimwona. Nilikuwa nimeshika ndama. Sikusema kitu, maana nilidhani sina la kusema. Majani yalikuwa ya kijani.

Jumatatu kingo za majani zikawa za kahawia. Jumanne safu nne zote zilikuwa zimelala chini kama zilizomwagiwa maji ya moto.

Jioni ile tulikaa jikoni tukila ugali na migebuka iliyokaushwa kutoka Wampembe, chakula ambacho siku nyingine kilituletea ugomvi wa kugombea kichwa cha samaki. Siku hiyo hakuna aliyegombea. Mama alimwambia Baba, taratibu, kwamba udongo huu umemkataa. Alikuwa ameulazimisha, alisema, na labda yule kijana alisema kweli. Kesho ataanza kubomoa mwenyewe asisubiri aibu ya kubomolewa. Baba alitoa kiko mdomoni, akakirudisha. Mimi tonge nililirudisha kwenye sahani. Nimezaa watoto wanne na kuzika mume, na bado naweza kuwaambia tonge lile lilikuwa na ukubwa gani.

Asubuhi alitoka na jembe kabla hata ya kukamua. Nilimfuata. Alisimama kwenye safu nzima, nzuri, ambayo hata sikuigusa, kwa kuwa alitaka kuanzia mwisho, akainua jembe. Nikalishika mpini.

"Mama, usivibomoe. Ni mimi."

Nilimweleza yote huku nalia, sketi, makopo, matundu. Alipiga magoti kwenye safu ya njiani, akafukua kwa vidole, akatoa chembe mbili tatu nyeupe zilizokuwa hazijayeyuka, akazinusa. Akaniuliza kila tundu nilitia kiasi gani. Nikamwonyesha kiganja. Akaniuliza nilitaka nini. Nikasema nilitaka yawe kama ya shule, ili asishindwe.

Mama alikaa chini, kwenye udongo, miguu imenyooka. Alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa kanga. Ningependa kuwaambia kwamba alinichapa, na nyie wa rika langu mngetikisa kichwa na kusema ndivyo tulivyolelewa. Hakunichapa. Alikaa pale mpaka akakumbuka kikapu cha Jumamosi, nikaona uso wake unabadilika.

"Yale majani," alisema. "Wameshayala."

Siku ile ile sikwenda darasani ila kwa mwalimu mkuu, kueleza mbolea ya shule ilikokwenda. Adhabu yake ilikuwa palizi ya mahindi yale mazuri peke yangu kwa wiki mbili, nikazoea kuyachukia. Kisha Mama akanifunga kanga ya baridi na tukashika njia ya mjini. Haikuwa Jumamosi, na hatukuwa na kikapu. Njiani hakunisemesha ila mara moja, kunifundisha nitakachosema, na kwamba nitakisema mwenyewe. Yeye angesimama barabarani.

Nimewahi kusimama mbele ya watu wengi tangu hapo, kanisani, mikutanoni, kwenye harusi za wanangu. Hakuna palipokuwa pagumu kama mlango wa kwanza kati ya ile saba. Shikamoo mama. Mimi ni Pelagia. Mama amenituma niwaambie kuwa majani ya Jumamosi yalitoka kwenye maharage niliyoyatia mbolea ya shule bila yeye kujua. Hajui kama yana madhara. Hatachuma tena hapo, na atakayetaka kuacha kuchukua kwetu hatamlaumu.

Nyumba ya kwanza walinipa chai. Ya pili hawakunielewa vizuri, ikabidi nirudie, jambo lililokuwa baya zaidi. Ya tatu, mke wa karani mmoja, alikunja uso, akasema kama ni hivyo basi hata mayai asilete tena. Nikatoka kumweleza Mama. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea. Hakusema kwamba yule mama amekosea. Nilimsubiri aseme, hakusema.

Ya saba ilikuwa ya Mama Ambokile, mke wa tabibu, Mnyakyusa mwenye sauti kubwa na mikono mipana, aliyekuwa na mtoto mdogo aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Mtoto yule alikua kwa uji wa ulezi wetu na maziwa yetu, na Mama alimwogopea yeye kuliko watu wa nyumba zote sita zilizotangulia. Nilisema maneno yangu. Mama Ambokile alisikiliza huku anamtikisa mtoto begani, akaniuliza mama yangu yuko wapi. Nikamwonyesha. Akanipita, akatoka na mtoto wake mpaka barabarani alikosimama Mama kwenye upepo, wakasalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, za ng'ombe, za Baba, kana kwamba ndicho tulichojia.

Kisha akamwambia, "Mama Pelagia, mtoto hajambo. Lakini wewe si ungenyamaza tu?"

"Ningeweza," Mama alisema. "Jumamosi ningekuja na kikapu, ungenisalimia, nami ningekuitikia vipi?"

Mama Ambokile alimpa Mama yule mtoto ambebe, akaenda ndani kutuletea ndizi za kupika alizoletewa kutoka Tukuyu. Tulirudi nyumbani nimezibeba kichwani, na Mama akaanza kunisemesha kuanzia pale tulipoupita mji, akanionyesha hata mwewe.

Bwana Shamba alikuja Alhamisi. Mtu mwingine angempitisha kwanza kwenye intumba nzima, kule nyuma, ambako maharage yalikuwa yamefunga mpaka huoni udongo. Mama alimpeleka kwenye safu nne zilizoungua. Akamwambia mbolea ni ya shule, mkono ni wa binti yake, na shule imeshaambiwa. Yule kijana alichutama, akaniita. Akatoa mfukoni kifuniko cha soda.

"Hiki kimoja tu," aliniambia kwa upole, "na mbali na shina. Hukufundishwa?"

Tulikuwa tumefundishwa. Nilidhani kikifaa kimoja, kiganja kitafaa zaidi.

Akainuka kwenda kule nyuma, na huko akakaa sana. Aliingiza mkono ndani ya kilima mpaka kiwiko, akatoa udongo mweusi wenye joto, wenye minyoo, akauminya, akaunusa kama Mama alivyonusa zile chembe. Hakutoa hotuba. Alimuuliza Mama majani yanaachwa siku ngapi, na kwa nini yaangalie chini, na akaandika kwenye daftari lake. Tangu hapo hakuna aliyekuja kutuambia habari ya kubomoa. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe kuuliza kama anaweza kuwekewa mayai, na ndivyo nyumba zikawa saba tena.

Zile safu nne Mama alizibomoa, mwaka uliofuata akapanda ulezi pale. Ulipoiva hakuupeleka kwa mtu. Alisaga, akasonga ugali, akala peke yake siku mbili, sisi tukiangalia. Siku ya tatu ndipo akatupakulia.

Sasa mimi ndiye mwenye kikapu, ingawa kikapu chenyewe ni kreti za plastiki na kinabebwa na bodaboda. Nina kuku, nina ng'ombe watatu, nina mboga, na bado nageuza intumba kwa mikono ya kukodi, maana vijana wa leo ukiwapa jembe wanakuuliza betri inaingia wapi. Wateja wangu si saba, na wengine sijawahi kuwaona sura. Wanaandika, tunapeleka, wanatuma alama ya dole gumba. Simkatazi mtu. Lakini nakumbuka Mama alijua mtoto wa nani anakohoa na nyumba ipi haipendi maziwa ya mgando yaliyochacha sana, na wao walijua jina la ng'ombe.

Msimu uliopita mjukuu wangu Neema, anayenisaidia akisubiri majibu ya chuo, aliona wadudu kwenye kabichi. Alinihurumia. Alikwenda dukani akanunua dawa, akanyunyiza nikiwa kanisani, na kesho yake kabichi zikapelekwa. Alikuja kuniambia Jumanne, anasema Bibi nilitaka zipendeze. Nilimwangalia. Sikumwambia nilikuwa namwona nani.

Alikuwa ameshaandika ujumbe kwenye simu. Umepangwa vizuri, una pole nyingi na vichwa viwili vinavyolia machozi. Kidole kilikuwa kimebaki juu ya kitufe. Alisema akiutuma sasa hivi utawafikia wote kwa mara moja, hakuna haja ya kusumbuka.

Nikamwambia autume, watu wasile nyingine. Kisha nikachukua kanga yangu ya baridi nyuma ya mlango, nikamwambia avae viatu.